Accra wanasaga, Dar tunakaanga

Nimeishi Accra muda wa kutosha kuweza kulisema hili bila kumung'unya maneno: upishi wa nyumbani wa Waghana unaanzia kwenye kusaga, wetu siku hizi unaanzia kwenye mafuta. Na tofauti hiyo naiona sahanini na mwilini.

Ingia nyumba ya tajiri au ya kibarua, asanka utaikuta. Ni bakuli la udongo lenye michirizi ndani, na mchi wake ni mfupi, wa mti, umeminywa katikati ili ukae kiganjani. Pilipili, kitunguu, nyanya na chumvi kidogo vinasagwa humo, na hiyo ndiyo pilipili ya kulia kenkey, donge la unga wa mahindi uliochachushwa, na samaki. Mafuta hayajaguswa. Majani ya magimbi, wao wanayaita kontomire, yanachemshwa na kupondwa humohumo, yanamiminiwa mawese kidogo ya moto, juu yake samaki mkavu, yai la kuchemsha na parachichi. Pembeni viazi vikuu na ndizi za kuchemsha. Nyumba nzima inashiba.

Sasa tujitazame. Mboga ya mjini kwetu inaanza na mafuta kujaa chini ya sufuria, kitunguu kibadilike rangi, nyanya za blenda ziingie. Hapo kwenye blenda ndipo tunapopotea. Blenda inataka maji ili izunguke, nyanya zinatoka kama uji mwepesi, basi inabidi uzikaange muda mrefu zikauke, na bila mafuta mengi zitaungua. Asanka inatoa rojo nzito tangu mwanzo, haihitaji kukaushwa.

Mtaniambia tunacho kinu. Tunacho, na kisamvu cha kutwanga chenye karanga ni chakula ambacho sijaona cha kukishinda huku. Lakini kinu kimeshindwa na nyumba za kupanga: ukitwanga ghorofani, wa chini anapanda kugonga mlango. Hata hapa fufu, bonge laini la muhogo na ndizi, ya kutwanga imepungua mijini, wengi wanakoroga ya unga. Asanka haijapungua kwa sababu inakaa mezani na haina kelele.

Kinachoniuma zaidi ni heshima. Migahawa ya hapa inakuletea banku, ugali wa unga uliochachushwa, na bamia ndani ya asanka yenyewe, na watu wenye suti wananawa mikono na kula. Ayoyo, ambayo ni mlenda wetu huu huu, inaliwa na tuo zaafi, ugali laini wa kaskazini, na inauzwa kwa fahari katikati ya jiji. Kwetu mlenda unapikwa mgeni akishaondoka.

Sidai kila kitu chao ni dawa. Shito, pilipili yao nyeusi ya kukaanga, ni mafuta matupu, kelewele ni ndizi za kukaanga, na vidonge vya mchuzi, vyenye chumvi nyingi, vimeenea huku kama kwetu, wakati Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asivuke gramu 5 za chumvi kwa siku. Wenye akili ya zamani badala ya vidonge wanatia dawadawa, mbegu zilizochachushwa, harufu kali lakini mchuzi unakolea. Nina wasiwasi pia na dadesen, sufuria nzito zinazosubuliwa kwa alumini chakavu. Watafiti wamepima sufuria za aina hiyo katika nchi kadhaa za Afrika wakakuta madini ya risasi yanayoweza kuingia kwenye chakula, hasa chenye ukali kama nyanya. Mchuzi wa nyanya mimi napikia sufuria ya stenlesi. Mbali na hiyo nina asanka, kisu kikali, mwiko na chekeche, na jiko langu limekamilika. Mahindi yakihitaji kusagwa, mashine ya nika-nika iko sokoni.

Wafinyanzi tunao. Vyungu vya Wakisi wa Ziwa Nyasa vinauzwa soko la Matema, vyepesi na imara. Mwenye ndugu Kyela amwombe mfinyanzi afinyange bakuli nene, pana kama sahani ya wali, alichore michirizi ndani udongo ukiwa bado mbichi, kisha alichome vizuri. La kwanza nalinunua mimi, nauli ya mzigo juu yangu.