Cheti ukutani hakipimi joto la friji

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema kliniki ya kijijini yenye daktari mmoja ikishapita ukaguzi, mgonjwa hana haja ya wasiwasi. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye kituo cha aina hiyo, na hapo sikubaliani naye. Mkaguzi huja kwa miadi. Siku hiyo hata vitasa hung'aa. Chanjo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na daftari letu la joto la friji lilijazwa nyuzi 4 asubuhi, nyuzi 4 jioni, mwezi mzima, hata Jumapili ambazo mlango ulikuwa umefungwa! Siku nilipoinama kuangalia nyuma kabisa ndani ya friji, nikakuta vichupa vya chanjo ya pepopunda vimegandana na ukuta wa friji, vina barafu ndani. Chanjo hiyo ikiganda imekwisha kazi, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Tulivitupa vyote, daktari akaninunia wiki nzima (si mtu mbaya, ila yeye ndiye daktari, mhasibu na mshika funguo). Boksi la sindano zilizotumika nalo, la kufungwa likijaa robo tatu, lilikuwa likishindiliwa kwa kiganja. Ninyi mnaotibiwa vituo vya daktari mmoja, mmewahi kumwona mtu akisoma kipimajoto cha friji?