Kanzu Yangu na Goti la Bibi

Kwa mtu aliyelelewa Tanga, kuamsha watu ni kazi ya jua na majogoo. Kwa hiyo, usiku wangu wa kwanza katika chumba nilichopanga mjini Granada, kusini mwa Hispania, sikujisumbua kutega saa. Mwenye nyumba alikuwa amenionyesha ile wanayoiita persiana, pazia gumu la vipande vya plastiki linalojikunja ndani ya sanduku juu ya dirisha na kuteremshwa kwa ukanda uliopachikwa ukutani. Niliiteremsha mpaka mwisho, nikalala. Niliamka mara ya kwanza nikakuta giza totoro, nikageukia upande wa pili. Niliamka tena, giza ni lile lile, nikastaajabu jinsi usiku wa Ulaya ulivyo mrefu, hata mwezi wa Julai. Mara ya tatu niliamshwa na njaa. Simu ilisema saa nane na dakika kumi mchana, tena Ijumaa, na msikiti uko kule juu mlimani, mtaa wa Albaicín, mkabala na ngome ya Alhambra.

Kanzu yangu nilikuwa nimeifua usiku na kuianika nje ya dirisha la jikoni. Katikati ya jengo lile pana uwazi mwembamba kama kisima, kuanzia paa hadi chini, na kila jiko lina kamba yake inayozunguka kwenye roda mbili, ili mwanikaji asimame ndani na kuivuta mpaka nguo imfikie. Mwenye akili zake huvuta polepole. Mimi nilivuta kama mvuvi aliyeona papa ananusa jarife; kibanio kimoja kikaruka, cha pili kikafuata, na kanzu ikashuka kwa heshima zote, mikono imetanda, kutoka ghorofa ya nne hadi kwenye kamba ya jirani wa ghorofa ya kwanza.

Nikatoka mbio na msuli, fulana na kandambili. Sijafika ngazi ya tatu, upepo wa dirisha lile lile ukaubamiza mlango. Mlango wenyewe ulikuwa na kirungu cha shaba katikati, nami nilikizungusha, nikakivuta, nikakibembeleza, kumbe ni cha kushikia tu, na kwa nje haufunguki ila kwa ufunguo. Ufunguo ulikuwa mezani, pembeni ya simu. Nikiwa bado natafakari, taa ya ngazi, ambayo hujizima yenyewe baada ya muda mfupi, ikazimika, nikawa gizani kwa mara ya nne siku hiyo.

Jirani alikuwa bibi wa makamo ya nyanya yangu. Alinitazama kuanzia kandambili, macho yakatua kwenye msuli, na kabla Kihispania changu cha wiki mbili hakijapata pa kuanzia akasema, "Ingia, mwanangu," akidhani mtungi wa gesi ya kupashia maji umeniishia katikati ya kuoga. Kanzu alikuwa ameshaitungua, akaikunja vizuri na kuiweka kwenye meza ya jikoni, kando ya paja zima la nguruwe lililokaushwa na kubanwa kwenye kibao chake, kwato ikielekea kola. Nilirudi nyuma hatua moja. Bibi akadhani naona haya, akashika kisu anikatie kipande.

Nilipomweleza habari ya mlango hakushangaa hata kidogo. Alisema fundi wa vitasa angenitoza bei ya mlango mpya, akaingia chumbani, akatoka na picha ya eksirei ya goti lake. Tulipanda ghorofa tatu, naye akalilalamikia goti hilo hilo kila ngazi. Kisha akaipenyeza picha kati ya mlango na fremu, juu ya kitasa, akaniamuru nisukume kwa bega huku yeye akiishusha kwa kuitikisatikisa. Goti likateremka taratibu mpaka likaurudisha ndani ulimi wa kitasa, na mlango ukafunguka.

Sala ilikuwa imeshanipita. Bibi alichungulia chumbani mwangu, ambamo bado ulikuwa usiku wa manane, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Angalau persiana umeishusha," akasema. "Wageni wengi huiacha juu, joto likawaingia."