Mkufunzi Asiyeiona Kompyuta ya Mwanafunzi

Wanaotetea ufundishaji wa uchambuzi wa data kwa njia ya mtandao husema kwamba somo hili halihitaji jengo, kwa kuwa kazi yenyewe hufanyika kwenye kompyuta, na mtu mzima mwenye ajira na familia hawezi kuacha shughuli zake wiki kadhaa akakae darasani. Hoja hiyo ina uzito, ila inasahau kwamba katika fani hii makosa mabaya zaidi hayatoi onyo lolote.

Mfano ni tarehe iliyoandikwa 03/04. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani huisoma kuwa 4 Machi, ya mtindo wa Uingereza huisoma kuwa 3 Aprili, na Excel, programu ya majedwali, hainung'uniki kwa vyovyote vile. Mkufunzi anayepita nyuma ya viti hulibaini hilo kwa kutupa jicho tu. Aliye mbali huona skrini yake na nyuso chache, kwani wengi wamezima kamera, na akiuliza kama wanamfuata huambiwa kwamba wanamfuata. Mtu mzima, hasa mwenye cheo, huona haya kukiri mbele ya wenzake kwamba ameachwa nyuma, na kwa hiyo kimya chao si cha kuaminika hata kidogo.

Hata hivyo, kompyuta hiyo isiyoonekana ndiyo pia faida kubwa ya mpango huu. Katika maabara ya kompyuta mashine zote zimepangwa sawa, na mwanafunzi huhitimu vizuri kisha akafika ofisini na kukuta fomula ileile inakataliwa kwa sababu mipangilio ya huko hutaka nukta-mkato (;) badala ya mkato (,) kati ya sehemu za fomula. Anayejifunza kwenye mashine yake hukumbana na kikwazo hicho mkufunzi angali yupo. Anaweza pia kufanyia mazoezi majedwali ya kazi yake, mradi tu yale ya mishahara au ya wagonjwa yasionyeshwe kwa wengine.

Kwa maoni yangu, ufundishaji wa mbali unafaa pale ambapo darasa ni dogo na mkufunzi hufungua faili la kila mmoja baada ya kipindi, akakagua fomula na si jibu pekee, kwa maana jibu sahihi laweza kutokana na njia mbovu. Kazi hiyo hula muda mrefu kuliko kipindi chenyewe, lakini mikataba inayolipa saa za kipindi pekee huiacha nje, na mkufunzi anayelipwa hivyo hana budi kuchagua kati ya kuifanya bure na kutoifanya kabisa.