Lettow-Vorbeck: jenerali "asiyeshindwa" na watu waliobaki nje ya picha

Machi 1919, Paul von Lettow-Vorbeck alipita Lango la Brandenburg mjini Berlin akiwa juu ya farasi, umati ukimshangilia. Ujerumani ilikuwa imeshindwa Vita vya Kwanza vya Dunia, Kaisari yuko uhamishoni Uholanzi. Wa kujivunia alikuwa huyu, jenerali aliyeongoza jeshi la Ujerumani Afrika Mashariki ambaye, walisema, hakushindwa.

Sifa hiyo haikuokotwa tu. Novemba 1914 pale Tanga, akiwa na watu wapatao elfu moja, alikirudisha melini kikosi cha Waingereza cha watu 8,000 hivi kilicholetwa kutoka India. Aliweka silaha chini Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Waingereza nao walimkuza kwa faida yao: ukimfukuza mtu miaka minne usimkamate, afadhali aitwe bingwa.

Ila hilo "hakushindwa" tulipime. Mwishoni mwa 1917 alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji, akaiacha nyuma koloni aliyopewa ailinde, Afrika Mashariki ya Kijerumani (sehemu kubwa ni Tanzania bara ya leo). Watetezi wake husema shabaha ilikuwa kuwashughulisha maadui wasipelekwe Ulaya. Kwa miaka ya mwanzo nakubali. Baadaye waliomfukuza walikuwa zaidi askari Waafrika wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, ambao Uingereza haikuwa na nia ya kuwapeleka Ufaransa hata kidogo.

Propaganda ya Kijerumani ilikolea kwenye "askari mwaminifu". Kule Versailles, kwenye mkataba wa amani, Ujerumani iliambiwa haifai kutawala makoloni. Jibu lake likawa, mbona askari wetu Waafrika walitufuata hadi mwisho? Kweli, wengi walimfuata. Walikuwa na kazi, heshima, na wake na watoto waliotembea nao msafarani. Wengi pia walitoroka, na hao hawakutiwa kwenye hadithi.

Tazama bango la 1918 la kuchangia wapiganaji wa makoloni, lililochorwa na wachoraji akina Ruckteschell: jenerali juu ya farasi, askari wakimfuata. Sasa mtafute mpagazi. Hayumo. Bila yeye hakuna risasi iliyosogea wala unga uliofika kambini. Upande wa Uingereza pekee, makadirio ya wapagazi waliokufa, wengi kwa maradhi na njaa, yanakaribia 100,000. Upande wa Lettow-Vorbeck watu walikamatwa vijijini wakabebeshwa mizigo, na chakula kikachukuliwa ghalani. Ludwig Deppe, daktari aliyekuwa kwenye msafara huohuo, aliandika bila kuficha kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa na njaa.

Kwa hiyo ustadi wake wa vita siupingi. Ninachokataa ni kuusifu bila kutaja nani aliulipia. Ujerumani iliipa kambi za jeshi na mitaa jina lake. Mpagazi wa vita hiyo, aliyehudumu upande wa pili, alipata soko na mtaa Dar es Salaam, nalo ni jina la kikosi cha wapagazi lililotamkwa kwa ulimi wetu, Carrier Corps: Kariakoo.