Raketi ya wanawake, au raketi tu?

Mwanamke akiingia duka la vifaa vya padeli, mchezo wa raketi wa wawili kwa wawili ndani ya kuta za kioo, muuzaji humpeleka moja kwa moja kwenye raketi zenye herufi W, yaani za wanawake. Kwa anayeanza, sina neno. Lakini yule aliyecheza miaka mitano, bandeja yake, lile pigo la juu la kutuliza mpira, imetulia na mpira ukitoka kwenye kioo anajua utaangukia wapi, je, naye aanzie hapo hapo?

Wanaosema ndiyo wana hoja. Raketi nyingi za wanawake zina gramu 345 hadi 360 hivi. Zile nyingine huanzia hapo na kupanda hadi 375. Tofauti ni kama kijiko kikubwa cha sukari, lakini jaribu kukibeba kwa saa moja na nusu. Mkiwa wavuni wanne na mpira unakuja kifuani, anayewahi kuinua mkono ndiye anayebaki kwenye pointi. Halafu kuna kiwiko. Kikishaanza kuuma, huulizi tena habari za smashi, lile pigo kali la juu.

Wanaokataa nao hawabahatishi. Katika kiwango cha juu mipira huja mizito, hasa mkicheza mchanganyiko na wanaume. Ukiupokea mpira wa namna hiyo pembeni ya raketi nyepesi, raketi inageuka mkononi na voli, pigo la kabla mpira haujadunda, inaishia kwenye wavu. Na kwa kuwa raketi haina uzito wa kukusaidia, nguvu yote inabidi itoke begani. Ndiyo maana utawakuta wanawake wenye raketi nyepesi wakizibandika vipande vya uzito. Yaani walilipia wepesi, kisha wakalipia tena kuuondoa.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinahesabu gramu bila kuuliza zimekaa wapi. Siku moja niliiweka yangu kwenye mizani ya jikoni. Ilikuwa imeandikwa 350–360. Baada ya kuivisha gripu mbili za juu, zile tepe za kuzungushia mpini, na plastiki ya kulinda kichwa, mizani ilisoma 379. Gripu zilikaa mkononi, hazikunisumbua. Ile plastiki ndiyo ilipeleka uzito kichwani, na raketi niliyodhani ni nyepesi ikawa nzito kuliko ya mwenzangu aliyenunua ya gramu 365 yenye umbo la duara, uzito wake ukiwa chini karibu na mpini.

Umbo linasema mengi kuliko ile W. Duara hukusamehe ukikosea na huliweka eneo la kupigia katikati. Almasi huupandisha uzito juu, smashi inapata makali, ila ukichelewa kidogo inakuumbua. Chozi liko kati ya hizo mbili.

Waangalie Gemma Triay na Alejandra Salazar, waliomaliza msimu wa 2021 wa World Padel Tour, mashindano ya padeli ya kulipwa, wakiwa namba moja. Salazar alikaa kulia akijenga pointi, Triay kushoto akizimaliza. Kampuni ya Bullpadel imeuza raketi ya Flow kwa jina la Salazar na Elite W kwa jina la Triay. Zote ni raketi za wanawake, lakini ya kwanza inaelekea utulivu na ya pili inaelekea mashambulizi. Kwa hiyo swali la kwanza ni unakaa upande gani wa uwanja.

La pili ni unachezea wapi, na hili kwetu halizungumzwi vya kutosha. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unakimbia wenyewe. Huko sioni haja ya almasi ngumu, kazi ni kuuzuia mpira usitoke. Dar au Muscat, joto hulainisha sponji iliyo ndani ya raketi. Ile laini iliyokufurahisha dukani chini ya kiyoyozi, uwanjani mchana inakuwa kama mto wa kulalia. Hapo chukua sponji ya kati, na usiiache raketi kwenye buti la gari.

Ningemshauri mchezaji mzoefu abaki kwenye gramu 355 hadi 365, uzito uwe umekaa katikati, si kichwani wala mpinini, umbo la chozi, na asijali imeandikwa ya nani. Anayeumwa kiwiko ashuke kwenye duara na sponji laini bila aibu. Ila asinunue kwa kupasha misuli dakika kumi. Raketi zote ni tamu mkono ukiwa mpya. Aiazime, acheze nayo hadi seti ya tatu, kisha ahesabu voli ngapi amechelewa.