Owino Uhuru: fidia haikugawiwa kama sadaka

Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya iliwarudishia wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, fidia ya Sh1.3 bilioni kwa sumu ya madini ya risasi iliyotoka kwenye kiwanda cha jirani. Walikuwa wamepewa mwaka 2020 na Mahakama ya Mazingira na Ardhi, kisha mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaifuta na kutaka hasara ikadiriwe upya kwa ushahidi. Tangu hapo kuna wanaonung'unika kwamba majaji waligawa pesa za umma bila kuulizia cheti cha daktari.

Manung'uniko hayo si ya kipuuzi. Anayedai fidia ya madhara ya mwili kwa kawaida huleta ripoti ya hospitali yenye jina lake. Hapa watu wapatao 3,000 walipewa fungu moja. Nani aliumia sana, nani alihamia juzi tu?

Ila anayeuliza hivyo haijui sumu yenyewe. Kiwanda kile kilichoanza 2007 na kufungwa 2014 kilikuwa kikiyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Risasi haikai sana kwenye damu. Kiwango chake hupungua kwa nusu katika muda wa mwezi mmoja hivi, na nyingi ya inayobaki hujificha mifupani miaka nenda miaka rudi. Mtoto aliyevuta moshi ule mwaka 2010 akipimwa damu 2023, huenda karatasi ikatoka na namba isiyomshtua yeyote, ilhali ubongo wake ulidhurika akiwa bado anatambaa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kipimo cha maana kilikuwa cha wakati ule, na waliopimwa wakati ule walikuwa sehemu tu ya mtaa. Wajibu wa kuwapima wengine ulikuwa wa nani, kama si wa serikali iliyoruhusu tanuri liwashwe ukutani mwa nyumba za watu? Sasa mkazi ndiye adaiwe karatasi ambayo serikali haikumwandikia!

Kifungu cha 70 cha Katiba kinasema mlalamishi wa kesi ya mazingira halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Wapinzani watajibu kwamba hilo humfungulia mlango wa mahakama tu, halipangi kiasi cha fidia. Sawa. Basi tukitazame kiasi chenyewe: Sh1.3 bilioni kwa watu 3,000 ni kama Sh433,000 kwa kila mmoja, pamoja na mtoto ambaye hatawahi kusoma kama wenzake. Kwa pesa hizo, nani ametajirika?

Linalonikera mimi ni mlipaji. Hukumu ya 2020 iliibebesha NEMA, mamlaka ya mazingira, asilimia 40 ya lawama, na mzigo huo humwangukia mlipakodi. Hata hivyo, msimamizi akijua kwamba kibali chake hakitamgharimu kitu, atakitoa tena kesho.

Agizo lisilozungumzwa sana ni la udongo. Hukumu hiyohiyo ya 2020 ilitoa miezi minne usafishwe, la sivyo zilipwe Sh700 milioni za kuusafisha. Risasi haiozi. Udongo ule ukiachwa, watoto waliozaliwa baada ya 2014 watakuwa na kesi yao wenyewe.