Bagamoyo haikosi sifa, inakosa mapaa

Halmashauri yoyote yenye mji wa kale ikikaa kujadili utalii, mjadala huishia mahali pamoja: tujitangaze. Bango kubwa njia panda, tamasha, kijitabu chenye picha za kupendeza, na geti la kukatia tiketi ili mapato yaonekane. Kwa Bagamoyo hoja hii ina watetezi wengi, na wana la kusema. Watalii wa kigeni walioingia Tanzania mwaka 2024 walipita milioni 2. Wengi wao huishia mbuga za kaskazini na fukwe za Zanzibar, na wanaoshukia Dar es Salaam huwa wako kilometa zipatazo 70 tu kutoka mji huu. Asiyejipigia debe, nani atampigia? Tena wana mfano wa karibu. Chuo cha Sanaa kilichoanza 1981, leo TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), kimelifanya jina la Bagamoyo lijulikane kwa wacheza ngoma na wapiga ala wa nchi nyingi, na siku za tamasha lake mama lishe na dereva wa bajaji wote huwa na neno zuri la kusema.

Hadi hapo tuko pamoja. Tunapoachana ni pale wanapodhani kwamba kinachomzuia mgeni ni kutoijua Bagamoyo. Mji ambao Chuma na Susi, wahudumu wa mpelelezi Livingstone, walifikisha mwili wake mwaka 1874, wenye misheni ya tangu 1868, uliokuwa makao makuu ya Wajerumani hadi 1891, umo katika kila kitabu cha safari na kila daftari la historia la mtoto wa shule. Mgeni anaujua na anafika. Shida ni kwamba halali usiku. Anateremka kwenye gari saa nne asubuhi, anazunguka magofu ya Kaole, anapita Caravanserai, kituo cha kale cha misafara, na makumbusho ya misheni, anapiga picha mlango mmoja wa nakshi, na saa tisa alasiri yuko njiani kurudi Dar. Kama kampuni yake imemfungashia chakula, hata sahani ya samaki hajanunua. Bango kubwa zaidi litaleta magari mengi zaidi ya namna hiyo, na taka zake.

Halafu tuulize tiketi anayokata ni ya nani. Magofu ya Kaole yako chini ya serikali kuu. Makumbusho ya misheni ni ya Kanisa Katoliki. TaSUBa ni taasisi ya wizara. Ukivihesabu vivutio vyote vinavyotajwa kwenye vijitabu, halmashauri haimiliki karibu chochote. Ilicho nacho ni mitaa, mifereji, taa, masoko, uzoaji taka, vibali vya ujenzi na sheria ndogo. Hapo ndipo nguvu yake ilipo, na ndipo ninapotaka kuwatetea watu ambao kila mara wanasomewa mashtaka: wenye nyumba za Mji Mkongwe wa Bagamoyo.

Wanaambiwa wanauangusha urithi wa taifa kwa uzembe. Mtu anapita kwenye mtaa wa zamani, anaona ukuta uliopukutika na mchicha pori unaota dirishani, anatikisa kichwa. Lakini nyumba ya mawe ya pwani ina namna yake ya kufa, na anayeijua atasita kulaumu. Methali ya ufa na ukuta tunaijua sote. Hapa ufa huanzia juu. Bati linashika kutu na kutoboka kwa chumvi ya bahari. Maji ya masika yanatua kwenye dari na kuingia kwenye vichwa vya boriti, pale zilipochomekwa ukutani. Boriti hizo ni mikoko, na upana wa vyumba vyetu vya kale ulifuata urefu wake. Kichwa kikishaoza, dari inalala, inausukuma ukuta wa matumbawe ambao nao umekwishakunywa maji. Msimu mmoja, miwili, chumba cha pembeni kinashuka. Kuanzia hapo nyumba ya jirani, iliyokuwa ikiegemea ukuta huohuo, imebaki uchi kwa upepo na mvua.

Kuzuia haya yote katika mwaka wa kwanza kunahitaji mabati machache na fundi wa siku kadhaa. Kuyarudisha baada ya miaka mitano kunahitaji chokaa, boriti, na fundi anayejua kuvitumia, na fundi wa namna hiyo haokotwi kijiweni. Mikoko haikatwi ovyo. Inahitaji leseni, na ni sawa iwe hivyo. Mwenye nyumba asiye na uwezo anamwita fundi wa saruji. Saruji inapendeza mwaka mmoja, kisha inafungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta uliozoea kupumua kwa chokaa, plasta inabanduka kwa mapande, na mkaguzi akipita anamlaumu kwa kuharibu jengo la kihistoria.

Na huyo mwenye nyumba ni nani hasa? Mara nyingi ni watu wengi. Nyumba ya babu imefika kwa wajukuu, mmoja yuko Tanga, mwingine Muscat, mirathi haijafungwa, na shangazi anayeishi chini hana mamlaka ya kuuza wala kukopea. Benki haimsikilizi. Wakati huohuo sheria inamtazama kwa makini. Chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940 ni kitu kinacholindwa. Ni vizuri, maana bila hiyo milango mingi ingekwishapanda meli. Ila sheria hiyo haisemi nani atanunua dawa ya mchwa. Mlango ni wa taifa unapotaka kuuzwa, ni wa shangazi unapoliwa.

Kuna jambo dogo ambalo halinitoki kichwani. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na kima cha kuanzia kilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 5,000 kwa ghorofa. Hesabu ya ghorofa ina mantiki yake mjini Dar, ambako ghorofa ni dalili ya uwezo. Katika mji wa kale, ghorofa ni dalili ya kwamba babu wa babu yako alikuwa na uwezo. Anayeishi chini ya dari inayovuja, juu kukiwa hakukaliki kwa popo na vifusi, kwa hesabu hiyo ni tajiri mara tano ya jirani aliyejenga nyumba mpya ya vyumba vinne nje ya mji. Elfu tano haivunji mtu, najua. Lakini inaonyesha jinsi mfumo mzima unavyoiona nyumba ya kale: ni mali ya kutozwa, na ni urithi wa kukagua, na hakuna meza hata moja ambako ni gharama ya kusaidiwa.

Wapinzani wa hoja yangu wana jibu zito. Fedha ya umma kwa nyumba ya mtu binafsi? Diwani wa kata isiyo na zahanati atawaambia nini wapiga kura wake: kwamba fedha ilienda kuezeka nyumba ya familia yenye ndugu Muscat? Na wanaongeza, kwa haki kabisa, mfano wa Unguja. Mji Mkongwe wa Zanzibar umetunzwa kwa mamlaka maalumu tangu 1985 na uko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000, na matokeo yake ni kwamba nyumba nyingi zimegeuka hoteli na wenyeji wamesogea mitaa ya Ng'ambo na kwingineko. Ukiezeka leo, kesho thamani inapanda, mwekezaji anakuja na begi, na shangazi yuleyule anahamia vichakani.

Hofu hiyo siidharau. Lakini kumbuka kwamba katika mji huohuo wa Unguja, sehemu ya Beit al Ajaib, jumba maarufu la kale, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Jengo lile halikuwa la warithi waliogombana. Lilikuwa la serikali. Kwa hiyo dhana kwamba umiliki wa umma unatunza na wa familia unabomoa haina miguu. Kuhusu kuuza, familia huuza inapochoka kubeba peke yake, na msaada unaweza kufungwa kwa sharti: anayeuza kabla ya miaka fulani anarudisha.

Tena si lazima iwe ruzuku. Ada ya kibali cha ujenzi kwa ukarabati wa nyumba ya kale inaweza kufutwa kwa sheria ndogo, na ofisa mmoja akapewa kazi ya kuwasindikiza wenye nyumba kwa watu wa mambo ya kale badala ya kuwazungusha. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo imezoea kwenda kwenye bodaboda na kuku. Kikundi cha vijana wanaojifunza kuchoma chokaa na kuweka boriti chini ya fundi mzee, au cha wanawake wanaofungua mgahawa katika chumba cha chini kilichoezekwa, kinastahili vilevile.

Na hapa wanaopenda hesabu wasikilize. Chumba cha juu kikikalika, mgeni analala. Akilala, analipa chumba ambacho ushuru wake wa nyumba za kulala wageni unaingia halmashauri moja kwa moja, tofauti na tiketi ya Kaole. Anakula jioni, anapanda bajaji, asubuhi anashuka ufukweni kuangalia samaki wanavyonadiwa. Lakini hatalala kwenye mtaa wenye giza, usio na choo cha umma, wenye jalala pembeni ya jengo la Wajerumani. Taa, choo na gari la taka haviwezi kuzinduliwa kwa ngoma na utepe, na pengine ndiyo sababu havipati mtetezi kwenye vikao vya utalii.

Kama ningekuwa diwani wa Bagamoyo, bajeti ijayo nisingepinga tamasha. Ningeomba liahirishwe bango, na fedha yake itumike kuandika nyumba zote za Mji Mkongwe: ipi inavuja, nani anaishi, mirathi imefika wapi. Kazi ya watendaji wa mitaa na wanafunzi wachache wa ujenzi, ikamilike kabla ya masika, maana baada ya hapo orodha itakuwa fupi zaidi.